Mazingira ya Tumbo la Xavery

Mume wangu Xavery anaumwa ugonjwa ambao hapa Gehandu hakuna anayeweza kulitamka jina lake, na mimi niliyesomea ualimu nililijaribu mara moja nikaacha. Kwa lugha ya kueleweka ni vidonda kwenye utumbo mpana. Si amiba, si taifodi, si minyoo. Hivyo vyote alitibiwa kwa miaka miwili, na vyote akaambiwa amepona, ila tumbo likabaki na mambo yake. Kwa siku alikuwa anakwenda chooni mara kumi na mbili. Choo chetu kiko nyuma ya shamba la mbaazi, kwa hiyo mpita njia alimwona mwanaume mzima anakimbia kwenda, anarudi taratibu, halafu anakimbia tena. Wengine walisema anajiandaa kuingia mgambo. Wengine walisema mambo ambayo siyarudii.

Mwishowe tukapanda basi mpaka Haydom. Safari yenyewe naiacha, ila nitasema tu kwamba kabla hatujafika kondakta alikuwa anatufahamu kwa majina. Hospitalini wakampitisha mpira wenye kamera, wakaviona vidonda, wakampa vidonge vikubwa vya njano, viwili viwili mara tatu kwa siku. Baada ya wiki sita, zile safari kumi na mbili zikawa tatu. Jumapili moja Xavery alikaa misa nzima, mahubiri na matangazo, bila kutoka nje. Mimi ni Mlutheri, lakini siku hiyo niliimba nyimbo zao zote.

Daktari alikuwa ametuonya jambo moja. Dawa isikatishwe hata mgonjwa akijisikia mzima, maana vidonda vikirudi kwa nguvu utumbo unaweza kuishia kukatwa. Alilisema mara tatu, na mimi nililiandika kwenye daftari la maandalio ya somo.

Basi mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka mama mkwe alipouona mkojo.

Mama Paskalina ni mama mzazi wa Xavery, na nyumba yake iko hatua ishirini kutoka yetu. Ana miaka sabini na mbili, meno yote anayo, na tangu azaliwe hajawahi kukosea. Asubuhi moja alipita nyuma ya zizi akakuta mwanawe amejisaidia pale, na mkojo una rangi ya machungwa. Sisi tulishaambiwa kwamba ile dawa ndivyo inavyofanya. Yeye hakuwepo tulipoambiwa. "Dawa zinamyeyusha mwanangu," alisema, akaingia chumbani kwangu bila hodi, akachukua mfuko mzima wa vidonge, akaenda kuuficha anakokujua mwenyewe. Kisha akatangaza chanzo cha ugonjwa, nacho kilikuwa mimi.

"Alikuwa mzima kabisa mpaka alipoanza kula vyakula vya Kipare," alisema.

Ni kweli mimi ni wa Same. Nililetwa hapa na barua ya ajira miaka kumi na miwili iliyopita nifundishe Kiswahili, na nikabaki kwa sababu ya Xavery. Lakini ninachopika ni ugali na mboga kama wanavyopika wote. Kosa langu ni mafuta na viungo vya pakti. Kuanzia siku ile Xavery akawa anakula kwa mama yake: makande na maziwa mgando, asubuhi na jioni.

Mtaniuliza Xavery mwenyewe alisema nini. Xavery anaweza kumwangusha dume la ng'ombe kwa kulishika pembe, lakini mbele ya mama yake ana miaka minne. "Tumsikilize kwanza," aliniambia. Tukamsikiliza. Siku ya tisa safari zilikuwa zimefika saba, na damu ilikuwa imerudi. Niliiona kwa macho yangu. Niliogopa, jamani. Nilisimama darasani mbele ya watoto sitini nikasahau nilikuwa nafundisha nini.

Wiki hiyo ukaja ujumbe kwenye simu kutoka kwa watu wa utafiti ambao Xavery alikubali kushiriki kule hospitalini. Nilimsomea mama mkwe kwa sauti, nikidhani utamlainisha: "Mtafiti wetu atafika Alhamisi saa nne kuangalia mazingira ya nyumbani kwa mgonjwa."

Hapo ndipo nilipokosea. Katika kata yetu neno mazingira lina maana moja tu, nayo ni Bwana Afya. Anapokuja Bwana Afya kuangalia mazingira, anatazama choo, anatazama kichanja cha vyombo, anatazama kama wanyama wanalala ndani na watu, halafu anatoa kitabu cha faini. Mama Paskalina aliwahi kukutana na kitabu hicho ujanani mwake na hajakisahau.

"Alhamisi?" aliuliza. "Tuna siku mbili."

Sijawahi kuona siku mbili kama zile. Kuta zilipakwa chokaa. Uwanja ulifagiliwa mpaka ukang'aa. Ng'ombe wote wanne walihamishiwa kwa shemeji yangu Patriki pamoja na ndama, kuku wakafungiwa kwenye tenga, mbwa akaogeshwa na akakasirika. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono, ambacho hatukuwa nacho, kikaazimwa kwenye nyumba ya katekista. Mimi nilipewa kazi ya kupanga vyombo kwenye kichanja kwa ukubwa wake. Xavery alisaidia pale tumbo lilipomruhusu, na kila alipokimbia chooni mama yake alimpigia kelele asichafue, kimeshapigwa deki.

Alhamisi saa nne akafika kijana mmoja kwa pikipiki, jina lake Idd, mwenyeji wa Kondoa, mpole, na begani ana begi lenye kishikwambi. Akavua kofia ya pikipiki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Choo kile pale," alisema mama mkwe.

Idd alishukuru, akasema hajabanwa. Tukakaa chini ya upenu wa nyumba, yeye na kishikwambi chake, mama mkwe kwenye kigoda, mimi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Xavery alisalimia, akakaa, akasimama, akaelekea kwenye mbaazi.

"Bibi, sisi tunatafuta vihatarishi vya kimazingira," Idd alianza.

"Hapa hamna. Nyoka wa mwisho tulimuua mwezi wa tatu, kule bondeni."

Idd alinitazama. Nikatazama vyombo. Akaamua kwenda moja kwa moja kwenye maswali. "Kaka Xavery alipokuwa mdogo, mlikuwa na mifugo?"

"Hatufugi."

"Hata wakati ule?"

"Hatujawahi."

"Maji ya kunywa mlikuwa mnatoa wapi?"

"Ya chupa."

"Mwaka themanini na tatu?"

"Ya chupa," alisema mama mkwe, bila kupepesa jicho. "Na tunapikia gesi."

Idd alikuwa anagusa kioo cha kishikwambi kwa kidole kimoja, na uso wake ulizidi kukunjamana. Wakati huo huo yule ndama aliyepelekwa kwa Patriki akatokea uwanjani. Alikuwa amerudi mwenyewe. Akatupita sote bila salamu, akapanda kizingiti cha nyumba ya mama mkwe kwa mlango wa mbele, akaingia ndani, tukamsikia anajilaza.

"Na yule?" Idd aliuliza.

"Mgeni," alisema mama mkwe.

Idd akaweka kishikwambi magotini. "Bibi, kwa majibu haya kaka Xavery amekulia Masaki."

"Kuna ubaya?"

"Kidogo upo. Mimi si Bwana Afya, bibi, sina faini. Ugonjwa huu tangu zamani unawapata zaidi watu wa Ulaya na wa mijini, wale waliokulia kwenye marumaru. Wataalamu wanadhani mtoto akikua karibu na ng'ombe, na vumbi, na ndugu wengi, huenda tumbo linajifunza mapema kuishi na vijidudu, haliwi na vita na mwili wake mwenyewe. Halafu kuna mambo ya vyakula vya viwandani, sigara, dawa za antibiotiki anazopewa mtoto mchanga. Bado hatuna hakika ni lipi kati ya hayo. Sasa umeanza kuonekana na huku, kwa watu waliokulia kwenye maboma. Tunataka kujua kwa nini. Ndiyo maana nahitaji nyumba yenu ilivyo, siyo ilivyofagiliwa."

Mama mkwe aliutazama uwanja wake. Nadhani alikuwa anazihesabu zile siku mbili.

"Kwa hiyo mavi ya ng'ombe ni mazuri?"

"Sijasema hivyo, bibi."

"Umesema. Futa yote." Akajisogeza na kigoda chake mpaka karibu na Idd. "Andika. Xavery alilala na ndama miguuni mpaka darasa la tano. Maji tulikuwa tunachota bwawani wanakokunywa ng'ombe, na tulikuwa tunawasubiri wao wamalize. Moshi wa kuni ndani ya nyumba, mpaka macho yalikuwa hivi. Watoto tisa kitanda kimoja. Samadi amekula, mimi mwenyewe niliitoa mdomoni mwake kwa kidole. Uliza wengine kama wamewahi kula samadi, uliza!"

Idd aliandika kwa furaha. Mimi nilikuwa nauma mdomo nisicheke, maana sina siku nyingi za kucheka na mama mkwe wangu.

"Na dawa anameza?" Idd akauliza.

"Anameza," alisema.

"Mkojo unabadilika rangi, unakuwa wa machungwa?"

"Ulikuwa! Sasa umepona."

Nilifumba macho. Idd akanyanyua kichwa polepole. "Bibi, ile rangi ni ya dawa yenyewe tu. Haina ubaya. Kama rangi imeondoka, ina maana hamezi."

"Ana siku kumi na moja hajameza," nilisema. Nilikuwa nimengoja mtu wa kumwambia. "Mama kazificha. Damu imerudi. Anakwenda mara saba kwa siku, na nyie mlituambia atakatwa utumbo."

"Ni kweli, bibi," Idd alisema. "Dawa hizo tafadhali zirudishwe leo."

"Sizitoi."

Alisema neno hilo moja, akafunga mikono kifuani. Idd ni mtu mzuri lakini hajui kupambana na wazee. Akarudi kwenye maswali yake, nadhani kwa kukosa la kufanya. "Basi tumalizie. Mgonjwa alinyonya maziwa ya mama?"

Mama mkwe alitazama pembeni. "Alinyonyeshwa," alisema.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Darasani kwangu mtoto akivunja kikombe hasemi "nimevunja," anasema "kimevunjika." Mtu akiikimbia kauli ya kutenda namna hiyo, najua kuna jambo. Nikamwuliza, na sikumwuliza kwa heshima ya kutosha: "Na nani, mama?"

"Kwenye hicho kidude wanauliza na nani?"

"Hawaulizi," Idd alisema.

"Nauliza mimi," nilisema.

Sikutegemea angejibu. Nilitegemea angenitukana, na mimi nilikuwa tayari kumjibu. Majibu yote ya miaka kumi na moja ya ndoa nilikuwa nimeyapanga kama vile vyombo. Badala yake mabega yake yalishuka.

"Na Ludovika," alisema.

Bibi Ludovika ni jirani yetu ng'ambo ya ua wa minyaa. Hawa wawili hawasalimiani tangu siku ya harusi yangu, na kila mtu husema ni ugomvi wa mpaka. Mimi nakumbuka harusi ile. Ludovika alipewa kipaza sauti, akafunua blanketi la zawadi, akasema, "Nimemletea mwanangu," na mama mkwe akasimama akatoka nje. Nikashangaa, maana hapa kwetu kila mtoto ni mwanangu wa kila mtu mzima.

"Nilipojifungua Xavery nilishikwa na homa kubwa," mama mkwe alisema. Alikuwa anaiambia ardhi, si sisi. "Nilibebwa kwa machela mpaka kwenye gari. Nilikaa hospitali miezi miwili. Mtoto akabaki. Ludovika alikuwa ana Joakimu wake mchanga, akawanyonyesha wote wawili. Niliporudi maziwa yangu yalikuwa yameshakauka. Nikampakata hivyo hivyo nijaribu. Alinikataa. Alilia mpaka sauti ikapotea, akawa anageuza shingo anamtafuta Ludovika. Mwanangu mwenyewe. Nesi mmoja akaniambia mtoto asiyenyonya kwa mama yake, tumbo lake halitatulia mpaka anakufa."

Ndama ndani ya nyumba alikohoa.

"Kwa hiyo ukasema ni mapishi yangu," nilisema.

"Bora yawe mapishi yako," alisema. "Mapishi yanabadilishwa."

Nilimwonea huruma, na nilikasirika kwamba namwonea huruma, maana hasira yangu nilikuwa nimeitunza vizuri na sikuwa nimeitumia hata robo.

Idd akasogea. "Bibi, yule nesi alikosea. Kunyonya kunaonekana kuwa ni kinga, lakini walionyonya wanaugua na wasionyonya wako wazima. Na mtoto wako alinyonya. Hapa pameandikwa maziwa ya mama. Hawajasema mama yupi." Akagusa kioo tena. "Tatizo langu ni swali linalofuata. Miezi ile ya kwanza, mtoto alipewa dawa zozote? Antibiotiki? Wewe hukuwepo."

Sote watatu tukatazama minyaa.

Nilikwenda mwenyewe. Bibi Ludovika alikuwa anapalilia. Nilimwambia anahitajika kwa mama Xavery kwa ajili ya utafiti, naye akaja na jembe lake mkononi, nadhani kwa tahadhari. Alisimama mwisho wa uwanja, akatazama chokaa, akatazama kibuyu chirizi.

"Hiki si cha katekista?" alisema.

Idd alimwamkia, akamwuliza. Mtoto hakupewa dawa yoyote, alisema Ludovika, ila mara moja maji ya moto na asali. Je, wakati ananyonyesha alivuta sigara? Sigara, hapana. Ugoro, ndiyo, kidogo.

Mama mkwe aliruka kutoka kwenye kigoda. "Ugoro! Andika! Nimesema mimi? Ndiyo huo!"

"Na Joakimu mbona mzima?" Ludovika alisema. "Joakimu anakula mpaka mawe kule Basotu! Mtoto nilikukabidhi ana mashavu mpaka macho hayaonekani, wewe ukanirudishia nini? Hata ahsante sijaisikia, mwaka wa arobaini na moja huu."

"Ulisema mwanangu mbele ya watu!"

"Nikasema nini? Mwana wa nani aliyekuwa ananiuma ziwa?"

Idd alikuwa ameacha kuandika. Nilitaka kusimama katikati yao, lakini kuna ugomvi ambao mkwe hauingilii, na mimi nilishaingilia vya kutosha kwa siku moja. Wakati huo Xavery akatokea kwenye mbaazi. Choo chetu hakina paa na kuta zake ni mabati, na upepo ulikuwa unatoka huku kwenda kule. Kwa jinsi alivyotembea nilijua amesikia kila kitu. Alikuwa amekonda, shati limemkalia kama limeanikwa, na macho yalikuwa mekundu. Akafika mbele ya wale wanawake wawili, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," waliitikia wote wawili kwa pamoja.

Wakatazamana. Nilidhani sasa jembe litafanya kazi. Mama mkwe akamtazama Xavery kwa muda mrefu, kuanzia shingoni mpaka miguuni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu zile siku kumi na moja zianze. Halafu akageuka akaingia nyumbani kwake, tukamsikia anamsukuma ndama, tukasikia mfuniko wa debe la mbegu unafunguliwa. Akatoka na ule mfuko wa vidonge, una vumbi la mahindi.

Nilinyoosha mkono kuupokea. Akanipita. Xavery naye akanyoosha mkono, akampita. Akauweka kwenye kiganja cha Ludovika chenye udongo.

"Mpe wewe," alisema. "Kwako hajawahi kukataa."

Ludovika aliangusha jembe. Akafuta vidole kwenye kitenge, akatoa vidonge viwili, akavinyanyua. Na Xavery, mtu wa miaka arobaini na moja, mume wa mtu, akafungua kinywa.